TAHADHARI: "Purdey ya 1868" inayouzwa huku Midlands si Purdey, tena ni hatari

Ndugu zangu mnaokusanya bunduki za kale hapa Uingereza, naandika kwa haraka kwa sababu ile bunduki inayodaiwa kuwa ya Purdey, watengeneza bunduki wa London, imerudi sokoni juzi. Bei ni ileile, picha ni zilezile, hadithi ni ileile. Mimi arbuni yangu ya pauni 400 imeshakwenda na huyu muuzaji hataki kuirudisha. Sitaki mwingine aingie.

Ni shotigani ya mitutu miwili, geji 12, yenye nyundo mbili za nje. Si gobori la kushindilia baruti mdomoni. Hii hukunjika katikati ukatia risasi kwa nyuma. Juu ya ule utepe wa chuma unaounganisha mitutu pameandikwa J. Purdey & Sons, 314½ Oxford Street, London. Anataka pauni 2,800. Anasema ni ya mwaka 1868, kila kipande ni cha asili, na haijawahi kuguswa na fundi.

Picha zake ni nzuri mno: nyundo, nakshi za ubavuni, kitako cha mbao ya mjozi kinachong'aa. Picha ya tumbo la mitutu, pale inapolalia chuma cha bunduki, hakuna. Niliiomba mara tatu, nikajibiwa "kesho". Hapo ndipo ningepaswa kuachana naye. Lakini anwani ilinilainisha, maana Purdey kweli walikuwa hapo 314½ Oxford Street tangu 1826 hadi walipohamia South Audley Street miaka ya mwanzo ya 1880. Nikaona mtu hawezi kuijua anwani hiyo kwa kubahatisha. Nikatuma arbuni, tukakubaliana bunduki iletwe kwa fundi bunduki wangu kabla sijamalizia pesa.

Fundi hakuangalia hata nakshi. Alivua mbao ya mbele, akatoa mitutu, akaigeuza. Kwenye tumbo kulikuwa na chapa ya Birmingham, yaani alama inayogongwa mtutu ukishajaribiwa nguvu: fimbo mbili za kifalme zilizopishana, taji, na herufi BPC. Purdey walitengeneza bunduki zao London na mitutu ikapimwa London, ambako chapa yake ni herufi GP zilizosukwa pamoja chini ya taji. Pembeni ya hiyo chapa kulikuwa na maneno NOT FOR BALL. Maneno haya yaligongwa kati ya 1875 na 1887 tu, kwenye mitutu iliyobanwa mdomoni, kumwonya mwenye bunduki asipige risasi moja ya duara badala ya marisaa. Mtutu wenye maneno hayo hauwezi kuwa wa 1868, hata ukiapiwa.

Muuzaji akageuza maneno: basi mitutu ilibadilishwa baadaye. Inawezekana, mitutu hubadilishwa. Lakini dakika kumi kabla ya hapo kila kipande kilikuwa cha asili! Na namba iliyo kwenye bunduki nilishaiulizia kwa Purdey wenyewe, kwani madaftari yao ya zamani bado yanatunzwa. Namba hiyo ni ya raifo.

Kilichonishtua zaidi ni hali ya mitutu yenyewe. Imegongwa 12B na chini yake 14M, maana yake ndani ni geji 12 na mdomoni imebanwa hadi 14 (kwa geji, namba ikipanda tundu ni jembamba zaidi). Fundi akaingiza kipimo: mdomoni na ndani ni sawasawa. Yaani mbele imekatwa, pale palipobanwa pakaondoka. Sasa ina inchi 27, wakati bunduki za zama zile mara nyingi zilikuwa na 30, na katikati ya ile midomo miwili kuna mwanya uliozibwa kwa lehemu na kupakwa rangi. Akaining'iniza kwenye ndoano, akaigonga kwa ukucha. Mitutu mizima hulia kama kengele. Hii ililia kama sufuria yenye ufa, dalili kwamba ule utepe umeachia. Mwisho akapima unene wa chuma. Mafundi wengi hawataki kushuka chini ya nusu milimita. Mtutu wa kushoto, pale mkono unaposhika, ulikuwa milimita 0.36.

Na huyu bwana anawaambia watu wapige risasi yoyote ya dukani. Chapa zote zilizomo ni za baruti nyeusi. Hakuna hata moja ya majaribio ya baruti ya kisasa, ambayo yalianza kuwekewa chapa yake 1896. Mtutu mwembamba hivyo ukipasuka, vidole vya mkono wa kushoto ndivyo vinavyotangulia.

Kuna kijana wetu wa Mombasa, anakaa Leicester, naye alikuwa ameshakubaliana naye bei. Hana cheti cha shotigani. Aliambiwa kitu cha kale hakihitaji cheti. Huo ni uongo wa kumpeleka mtu jela. Msamaha wa vitu vya kale upo katika sheria ya silaha ya 1968, lakini geji 12 ya risasi za kugongwa katikati haimo kwenye orodha ya zilizosamehewa, hata iwe na miaka 150. Inahitaji cheti. Zile za pini ubavuni, za kabla yake, ndizo zenye msamaha, ukiziweka kama pambo tu. Nimempigia, amejitoa. Polisi nao nimewapa maelezo na picha zote.

Kwa hiyo msitume hata senti kabla ya kuona picha ya tumbo la mitutu, mbao ikiwa imevuliwa, chapa zikisomeka. Muuzaji safi hukupa siku hiyohiyo.

Jina nalihifadhi kwa sasa, suala liko mikononi mwa polisi. Bunduki mtaijua: nyundo ya kushoto nakshi zake ni za maua wakati ya kulia ni mistari mitupu, na kwenye kitako kuna kibati cha fedha cha mviringo kisicho na herufi yoyote.