Monadnock Building, Chicago: tofali tupu mpaka juu

Jamani kama uko Chicago usipite kona ya mitaa ya Jackson na Dearborn bila kuingia humu. Nusu ya kaskazini, ya wasanifu Burnham na Root, ilimalizika 1891, ghorofa 16 na kuta za nje ni tofali ndo zimebeba mzigo, yaani chini ukuta una unene wa karibu mita 1.8, na unatanuka ukishuka kama shina la mbuyu. Nilisimama nauchungulia dirishani nikachoka kabisa. Hakuna nakshi, mapambo yake ni lile umbo tu, na mimi naona inatosha sana. Nusu ya kusini ni ya 1893, ya wasanifu Holabird na Roche, hiyo ilishaanza kutumia fremu ya chuma.

Chini kuna koridoo inayokatiza jengo lote, maduka huku na huku, vioo vimeandikwa majina kwa rangi ya dhahabu, kofia, kinyozi, kahawa. Ngazi ni za alumini, wakati ule ilikuwa kitu kigeni kabisa kwenye majengo! Koridoo ina giza kidogo, na wikiendi maduka kadhaa nilikuta yamefungwa, nendeni siku ya kazi.