Kaunta ya graniti na tailsi za jikoni: uzoefu wangu baada ya mwaka na kitu

Tupo Rau hapa Moshi, jiko tumeanza kulitumia mwaka jana mwezi wa tatu, na kila anayeingia ananiuliza hii kaunta umeweka nini na hizi tailsi mbona hazitelezi, kwa hiyo naandika yote hapa.

Naanza na kaunta. Mi moyo wangu ulikuwa kwenye marumaru nyeupe, na hapa nasema jiwe lenyewe, maana siku hizi hata tailsi tunaziita marumaru, unaweza kuagiza hiki ukaletewa kile. Tulishapatana mpaka bei. Basi mama mkwe akaja kuangalia ujenzi, nikamwonyesha picha kwenye simu, akaangalia weee, akaniuliza, "Mwanangu, sasa hapo juu utamenyea ndizi?" Aisee. Sisi ndizi ni karibu kila siku, leo mtori kesho machalari, na utomvu wa ndizi kila mtu anaujua, ukikaukia kwenye nguo ile nguo unaifanya dekio.

Nikarudi kwa wakata mawe nikawaomba vipande vilivyobaki, kimoja cha marumaru na viwili vya graniti, ya rangi ya maziwa na ya kahawia yenye madoa meusi, wakanipa bure. Nyumbani nikavipaka utomvu, pembeni nikakamulia limau, pembeni tena nikadondoshea mafuta ya alizeti yenye binzari, nikaviacha mpaka asubuhi. Marumaru pale kwenye limau mng'ao ulikuwa umekufa kabisa, ukipitisha kidole unasikia pamekwaruza, na hiyo usifikiri ni doa utalisugua litoke, asidi imeshakula jiwe lenyewe maana marumaru ni jamii moja na chokaa. Binzari nayo ikabaki njano. Graniti zote mbili limau halikuzifanya kitu, utomvu nikausugua na mafuta ya kula kidogo halafu sabuni ukaachia, ila ile ya rangi ya maziwa palipokuwa na mafuta pakabaki kivuli cheusi, kumbe graniti nayo ina vitundu inanyonya. Nikachukua ya kahawia. Na hata hiyo nilipaka dawa ya kuziba vitundu, halafu kila baada ya miezi kadhaa namwagia matone ya maji nasubiri kama robo saa, jiwe likianza kuwa jeusi pale kwenye tone najua muda wa kupaka tena umefika. Nyeusi tii sikuitaka, niliiona kwa wifi, unga wa ugali ukidondoka kidogo tu unaonekana.

Halafu uzito jamani. Yetu ni mita 3 na nusu kwa sentimita 60, unene sentimita 2, hapo ni zaidi ya kilo 110. Fundi kabati alitaka tuilaze juu ya chipbodi, fundi ujenzi akakataa, akajenga kuta fupi za tofali chini ndo jiwe likakaa, na namshukuru mpaka leo. Ukiwa unaweka hakikisha kiungo cha vipande viwili hakiangukii kwenye sinki, pale jiwe limekatwa limebaki kamba nyembamba mbele na nyuma, ndo panapopasuka. Na waambie wachore kamfereji chini ya ukingo wa mbele, maji yakimwagika yanadondokea hapo badala ya kutambaa chini ya jiwe mpaka kwenye milango ya kabati. Dukani hakuna aliyeniambia hilo, nililiona kwa jirani ambaye milango yake imeshavimba.

Sakafu nayo ina mambo yake. Zile tailsi kubwa zinazong'aa kama kioo ni nzuri sebuleni, jikoni maji yakichanganyika na mafuta unakwenda chini na sufuria ya uji mkononi, na mi nina mtoto anayekimbia kimbia. Nikachukua posileni isiyong'aa, 40 kwa 40. Ya kuitambua ni rahisi, geuza tailsi umwagie maji mgongoni, seramiki ya kawaida inayanywa unaona, posileni yanakaa juu. Grauti, yaani ule uji wa kuzibia mianya kati ya tailsi, nikaweka ya kijivu, kwa huu udongo wetu mwekundu nyeupe ingedumu wiki moja.

Kilichoniuma ni kwamba duka moja waliniletea maboksi ya namba tofauti za toleo la kiwandani, tailsi jina moja lakini rangi zinapishana, tumegundua mistari miwili imeshabandikwa. Wakagoma kubadilisha. Inaniuma kwa sababu niliuliza kabla ya kulipa nikaambiwa zote ni moja. Sasa nasoma namba ya kila boksi kabla halijashushwa kwenye gari. Halafu fundi tailsi naye alipiga gundi madonge madonge pembeni, katikati akaacha wazi, mchi wa kinu ulipoanguka mwezi wa sita tailsi ikapasuka nyota. Tulivyogonga na sarafu tukakuta nyingine tatu zinalia utupu, zote zikang'olewa zikarudiwa. Nilikuwa nimebakiza boksi zima stoo, ndo zilizoniokoa, na zimebaki sita.

Ukuta wa nyuma ya jiko la gesi bado una rangi tu na umeshaanza kunata mafuta, hapo ndo nahangaikia sasa hivi.