Sainasi (vijumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso): eksirei au siti skani?

Kwa mtu wa Malindi ambaye pua imemziba miezi na kichwa kinamgonga akiinama, eksirei ni ya haraka na mionzi yake ni michache, lakini mifupa ya uso hupandana pichani na mengi hufichika. Kwa tatizo sugu mimi ningechagua siti skani, yaani picha za mionzi zinazopigwa kipande kwa kipande: huonyesha hata vijumba vya hewa kati ya macho, na daktari hawezi kupasua bila kuviona.

Kwa siti skani utavua vipuli, kipini cha pua, vibanio vya nywele na meno ya bandia. Unalala chali, kitanda kinaingia kwenye tundu pana la mashine, lililo wazi pande zote mbili. Ni dakika chache; usitikise kichwa. Haiumi, na kwa kawaida hudungwi sindano. Mjamzito aseme mapema.

Mafua ya wiki moja hayahitaji picha yoyote.