Jibini ya Kukaanga kwa Sherehe: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Karibuni tena jikoni, wapendwa. Msimu wa sendofu na kichenpati umeshaanza, na swali mnaloniuliza ni lile lile: vile vijiti vya jibini vya kukaanga, nje krispi, ndani vinavutika, vinatengenezwa kwa jibini gani? Leo nimewapangia jibini sita hapa mezani. Tunazichambua, tunazikaanga, halafu nawaambia ipi inastahili pesa yako na ipi ibaki huko huko kwenye friji la supamaketi.

Kabla sijawasha gesi, sogeeni muone kitu. Hii ni mozzarella ya kipande, ile ngumu iliyobanwa kwenye nailoni. Na hii ni mozzarella ya mviringo, inauzwa ikiwa ndani ya maji yake. Nakata kidogo huku, kidogo huku, naweka juu ya tishu. Tusubiri kidogo... Haya, nanyanyua. Mmeona? Chini ya ile ya mviringo tishu imelowa mpaka inachanika. Chini ya hii ngumu kuna alama ya mafuta tu, tena ndogo. Mambo yote ya leo yanaanzia kwenye hiyo tishu. Mozzarella kavu ina maji kati ya asilimia 45 na 52. Ile ya mviringo huvuka hapo, inakwenda mpaka 60. Ukisoma utaona tofauti si kubwa, ila itie kwenye mafuta ya nyuzi 180 ndipo utajua. Maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, unatoboa ganda, na jibini inafuata tundu hilo hilo. Unabaki na maganda matupu yanaelea kwenye mafuta machafu.

Kwa hiyo hii ya mviringo naitoa mezani sasa hivi, sitaikaanga kabisa. Ni jibini nzuri, lakini ile ni ya kula mbichi na nyanya na majani ya basili.

Tubaki na ya kipande. Hapa sitaona haya kuisifia jibini ya nyumbani: mozzarella kavu zinazotengenezwa kule nyanda za juu, Njombe na Iringa, kwa kazi hii ya kukaanga hazina sababu ya kuogopa zile zilizopanda ndege. Ladha yake ni ya upole, ina maziwa maziwa, na ikiyeyuka inavutika vizuri. Mtu akikwambia lazima ununue ya Italia kwa ajili ya vijiti vya kukaanga, mwache anunue yeye. Pesa ya ziada hapo unalipia safari, kwa sababu ukishazungusha chenga za mkate na kuchovya kwenye chachandu hakuna mgeni atakayejua jibini imetoka wapi.

Ila usinunue ukiwa umefumba macho. Geuza paketi, soma kwa nyuma. Jibini ya kweli orodha yake ni fupi: maziwa, chumvi, bakteria wa kuchachusha, na reneti, ile dawa ya kugandisha maziwa. Ukiona mafuta ya mimea na wanga vimetajwa, basi hiyo ni ya kuigiza, imetengenezwa kwa ajili ya kumwagia juu ya piza, na mara nyingi mbele wameandika kwa ujanja bila kuita jibini. Itayeyuka, lakini ladha yake ni ya plastiki. Na kwa wanaoniuliza kuhusu halali: reneti ya asili hutoka kwenye tumbo la ndama, ipo pia ya vijidudu isiyohusiana na mnyama. Tafuta alama ya halali kwenye paketi, au maandishi kwamba inafaa kwa wasiokula nyama.

Ile iliyokwanguliwa tayari, ya kwenye mfuko? Huwezi kuikatia vijiti, na imenyunyiziwa wanga ili isishikane. Lakini usiitupe. Ponda viazi kama unatengeneza katlesi, weka jibini hiyo katikati, viringisha, yai, chenga, kaanga. Watoto wanaigombania.

Gouda na cheddar nazipitia haraka. Zote zinapatikana, na zile za Kenya, za upande wa Limuru, ni nzuri kwelikweli. Cheddar ikipata moto inatoa mafuta yake pembeni, ganda linalowa kwa ndani. Gouda changa imetulia zaidi, ina chumvi na utamu, ila usitegemee ule uzi mrefu wa kupigia picha. Kama wewe ni mtu wa ladha kuliko picha, chukua gouda.

Halloumi. Jamani, hii ni ya Kupro, yaani Saiprasi, na tangu 2021 Umoja wa Ulaya unalilinda jina hilo, kwa hiyo huko Ulaya jibini isiyotoka Kupro haiwezi kuuzwa kwa jina la halloumi. Yenyewe haiyeyuki. Wakati wa kuitengeneza ile jibini changa hupikwa tena ndani ya maji maji yake ya maziwa, ndiyo maana ukiiweka kwenye kikaango inapata rangi ya kahawia na umbo lake linabaki vile vile. Haihitaji yai wala chenga. Kausha kwa kitambaa, mafuta vijiko viwili, geuza, toa. Chumvi yake ni kali, iloweke kwenye maji nusu saa kwanza. Ni tamu, sibishi. Lakini bei! Kwa wageni wanne, sawa. Kwa wageni themanini mwache mwenye harusi anunue halloumi au anunue suti.

Sasa hii ya sita ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii. Paneer. Ipo kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi, hapa Dar pale maeneo ya Kisutu utaipata, na usipoipata unaitengeneza mwenyewe kwa maziwa mabichi ya kawaida. Chemsha lita mbili, zima moto, tia maji ya limau kijiko kimoja kimoja mpaka maziwa yakatike na maji yake yawe ya kijani hafifu, chuja kwenye kitambaa safi, gandamiza kwa sufuria nzito saa moja au mbili. Unapata gramu 300 na kitu, inategemea maziwa yenyewe yana mafuta kiasi gani. Na hii nayo haiyeyuki hata uichemshe. Haina uzi, haina sinema. Ladha yake ukiacha hivi hivi imepoa, kwa hiyo ipakae kitunguu saumu, tangawizi, pilipili ya unga, bizari na chumvi, ikae kidogo ndipo uivike.

Kwa nini naipigia debe? Nisubirini, kwanza tukaange.

Vijiti vyangu vina unene wa sentimita moja na nusu, urefu nane. Kipande cha gramu 400 kinatoa kama vijiti ishirini. Piga hesabu ya viwili kwa mgeni kama kuna sambusa na kababu pembeni. Sahani ya kwanza ni unga wa ngano umechanganywa na pilipili manga na unga wa kitunguu saumu. Ya pili mayai yamepigwa na maziwa kidogo. Ya tatu chenga za mkate, zile kavu, za mkate uliokaushwa kwenye ovena ukasagwa. Unga, yai, chenga. Halafu, msikilize hapa, yai tena, chenga tena. Katlesi unavika mara moja inatosha, jibini haikusamehe. Tazameni ncha hizi mbili za kijiti. Watu wanazungusha ubavuni, ncha wanazisahau, na ndipo jibini inapotorokea. Bana ncha kwa vidole mpaka chenga zishike.

Kisha friza. Saa mbili, zisipungue. Zipange kwenye sinia zisigusane, zikishakuwa ngumu unaweza kuzimimina kwenye mfuko mmoja. Sababu ni rahisi: chenga zinahitaji dakika moja hivi kupata rangi, na mozzarella inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 tu. Bila ubaridi wa friza jibini inashinda mbio hizo. Na kwa sababu tunajuana na umeme wetu, kazi ya friza ifanye siku mbili kabla ya sherehe. Umeme ukikatika usifungue mlango wa friza kila baada ya dakika tano kuangalia.

Mafuta ya alizeti, kina cha vidole vitatu kwenye karai. Kipimajoto kikiwepo, nyuzi 185. Kisipokuwepo, tumbukiza mwiko wa mti: viputo vikizunguka mti mara moja bila kurukaruka kwa fujo, weka. Vijiti vitano au sita kwa mkupuo, vikitoka moja kwa moja kwenye friza. Ukijaza karai mafuta yanapoa, na mafuta yaliyopoa yanaingia ndani ya chenga. Sekunde sitini... tisini... Rangi hiyo hapo. Toa, weka kwenye wavu, chini yake kuwe wazi hewa ipite.

Sikieni mlio huu. (Navunja.) Na uzi, si mnauona? Hiyo ni mozzarella ya kipande ya nyumbani. Hii gouda, imeyeyuka safi, haivutiki sana, ladha iko juu. Cheddar, angalieni kwenye wavu, imeacha mafuta. Paneer, nje inavunjika, ndani laini, viungo vimeingia.

Sasa tuzungumze habari ya sherehe zetu. Kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni. Wageni wanafika saa mbili. MC anaimba, kamati inatambulishwa, chakula kinaruhusiwa saa nne. Vijiti vya mozzarella vina dakika kumi za utukufu. Baada ya hapo jibini inarudi kuwa ngumu, mgeni anatafuna mpira. Kisha mtu wa jikoni, kwa nia njema kabisa, anavitia kwenye hotpoti ili visipoe. Hotpoti ni kaburi la kitu chochote krispi! Mvuke unapanda kwenye mfuniko, unadondoka juu ya chenga, na baada ya robo saa una kitu kilichovaa koti lililolowa. Nimekula vijiti vya namna hiyo kwenye kumbi nyingi na sitataja ukumbi wowote. Kama ni lazima visubiri, viweke juu ya wavu kwenye ovena ya nyuzi 100, mlango wazi kidogo, navyo visizidi dakika kumi na tano.

Ndiyo maana ya paneer. Haikuyeyuka, kwa hiyo haina cha kugandia. Ikipoa ladha yake ni ile ile, ganda likikaa kwenye wavu bila kufunikwa linabaki na mlio wake kwa muda wa kutosha, na bei yake ukiitengeneza nyumbani ni bei ya maziwa na malimau. Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: kama sherehe ni ya sebuleni, watu kumi na tano, na kuna mtu wa kusimama kwenye karai anakaanga huku wanakula, nunua mozzarella kavu, usiangalie nyuma. Kama ni ukumbini, chakula kinapikwa mbali na kusafirishwa, mozzarella utajitia aibu tu; paneer ndiyo ya kuagiza, hata kama kamati itasema haina uzi wa kurekodi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu zile jibini laini za pembe tatu na za karatasi. Usizivike chenga, zinakuwa uji. Ila ndani ya manda za sambusa zinapendeza sana. Wenzetu wa Oman na Ghuba wanazijua sambusa za jibini za Ramadhani, na Mombasa na Unguja zimeshazoeleka. Jibini, giligilani iliyokatwakatwa, pilipili mbichi kidogo. Ziba pembe zote kwa uji wa unga, kaanga kwenye mafuta ya moto wa kati.

Na eafraya, kile chombo cha kukaanga kwa hewa ya moto? Inawezekana. Nyunyizia mafuta juu, la sivyo chenga zinabaki nyeupe kama vumbi. Nyuzi 200, dakika sita hivi, na kuanzia ya tano usiondoke, maana hewa ile inayeyusha jibini kabla ya kukausha ganda vizuri. Paneer inaivumilia eafraya kuliko mozzarella. Kwa watu wengi lakini utakesha, kikapu chake ni kidogo.

Mafuta mliyokaangia yachujeni kwa kitambaa yakishapoa, zile chenga zilizoungua zikibaki humo zitaupa mkupuo unaofuata uchungu. Chachandu ya nyanya na ukwaju niliyotumia leo niliionyesha jinsi ya kupika, itafuteni kwenye video za nyuma. Walioko Mwanza, Dodoma na Tanga, niandikieni hapo chini mozzarella kavu mnaipata duka gani, kuna watu wananiuliza na sina jibu.