Ziara ya "historia na kamera" Nakuru: nyota mbili na nusu

Nimepita Hyrax Hill, kile kilima cha mambo ya kale nje kidogo ya Nakuru, kwa matatu tangu nikiwa shule ya msingi bila kushuka hata siku moja. Kwa hivyo nilipoona tangazo la ziara ya siku moja ya mambo ya kale, mahususi kwa wapenda picha, nilituma shilingi 3,500 kwa M-Pesa usiku uo huo. Jina la kampuni naliacha. Dereva alikuwa mtu mzuri. Ratiba ndiyo iliyoniudhi.

Tuliambiwa saa moja kamili asubuhi. Tulitoka mjini saa tatu kasorobo, maana kuna wawili walikuwa "wamefika tu hapo karibu". Kwanza Kariandusi, eneo la zana za kale za mawe upande wa Ziwa Elementaita, na hapo sina neno. Yale mashoka ya mkono ya mawe aliyoyafukua mwanaakiolojia Louis Leakey tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 yametapakaa chini, mengine ya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kipande cha chupa. Sehemu ya machimbo imeezekwa, basi jua liwe wapi si hoja. Nilipiga magoti, nikapiga picha hadi nikatosheka.

Tukala nyama Gilgil, polepole mno. Hyrax Hill tukaingia saa saba na dakika zake.

Sasa, anayejua kamera ameshaguna. Kivutio kikubwa cha kile kilima ni mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa zamani wa Bonde la Ufa: mabonde madogo ya mviringo ardhini, yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe, nyumba zikiwa zimeungana nayo ubavuni. Leo yamefunikwa na nyasi. Jua likiwa utosini hayana kivuli, na bila kivuli shimo halionekani pichani. Nilipiga picha arobaini za nyasi. Mwenzetu mmoja aliuliza kama tumefika.

Aliyeniokoa ni mzee wa pale pale aliyetutembeza. Alinitazama nikihangaika, akasema, "Kijana, hapo umesimama mlangoni mwa zizi. Rudi saa kumi na moja uone." Kisha akatuonyesha bao lililochongwa kwenye mwamba, vishimo vyake vimelainika kwa kuchezewa, na akatueleza makaburi ya kale zaidi ambayo Mary Leakey, mke wa Louis na mwanaakiolojia pia, aliyachimbua kuanzia 1937: wanawake walizikwa na sahani za mawe, wanaume hawakupewa kitu. Ningekaa naye hadi jioni. Lakini dereva alikuwa anapiga honi. Dakika hamsini zimeisha. Jumba la makumbusho, ambalo zamani lilikuwa nyumba ya mkulima, tulipita mbio kama tunaoenda kunyeshewa.

Jumamosi iliyofuata nilirudi peke yangu. Matatu ya kuelekea Nairobi, unashuka kwenye kibao, si zaidi ya kilomita nne hivi kutoka mjini, halafu mguu. Nililipa kiingilio, nikamtafuta yule mzee, nikasubiri. Jua liliposhuka, ukingo wa kila shimo ukaanza kutoa kivuli, kimoja baada ya kingine, hadi mteremko wote ukawa na madoa kama ngozi ya ndui. Hata mlango wa zizi nikauona, upande wa chini wa mteremko, na kile kichuguu cha samadi waliyokuwa wakiitupa nje. Picha sita tu, kwa simu. Kamera niliiacha nyumbani kwa hasira.

Kama bado unataka kwenda na kampuni ya aina hii, waombe wageuze: Hyrax Hill mapema lango likifunguliwa, Kariandusi mchana chini ya paa. Mafuta ni yale yale. Niliwaandikia hivyo, nikaambatanisha picha zote mbili, ya saa saba na ya saa kumi na moja. Walinijibu, "Asante mteja wetu," pamoja na tangazo la ziara ijayo. Kariandusi kwanza, kuondoka saa moja kamili.