Friza inagandisha, chini hakuna baridi: uzoefu wangu na fundi wa friji anayekuja nyumbani, Tabata

Friji ni ya milango miwili, nofrosti (inayojiyeyushia barafu yenyewe), friza juu, gesi R600a. Dalili zake wengi mtazitambua: juu nyama imekuwa jiwe, chini maziwa yanachacha na mchicha unalegea kwa usiku mmoja. Feni inasikika ikikwaruza kitu, kompresa haipumziki, uniti za LUKU zinakwenda mbio. Fundi wa kwanza aliyeulizwa kwa simu alijibu hapohapo kuwa gesi imeisha. Huyu ninayemwandika alikuja na mita, bisibisi na tochi, mtungi wa gesi akauacha kwenye pikipiki. Maneno yake ya kwanza: "Dada, bomba halikatwi mpaka tuone barafu imekaaje."

Hapo ndipo alipopata alama kubwa kwangu. Gesi ya kupikia inaisha kwa sababu inaungua. Ya friji inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, kwa hiyo ikipungua ujue imevuja mahali. Anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache tu. Na friji za R600a za nyumbani zinabeba gesi kidogo mno, nyingi hazifiki gramu 100. Kuijaza kwa kukisia bila mizani ni kuiharibu.

Alianza kwenye soketi, friji ikiwa inanguruma: volti 221. Kiwango ni 230. Umeme ukishuka chini ya 200, kompresa inaanza kwa tabu, inachemka, ovalodi (kikata umeme kinachoilinda) inakata, na baridi inapotea bila spea yoyote kufa. Akabana karatasi kwenye mpira wa mlango na kuivuta pande zote; ikitoka kirahisi upande wowote, hewa inaingia hapo. Dakika chache, gharama sifuri, na ajabu ni kwamba wengi wanaziruka hatua hizi.

Kisha alichomoa waya ukutani, akafungua skrubu za ubao wa plastiki ulio nyuma ya friza. Jibu lote lilikuwa huko. Koili ya kugandisha haikuonekana kabisa. Ilifunikwa na bonge la barafu nyeupe, unene uleule kuanzia bomba la juu hadi la chini, na ncha za panga la feni zilikuwa zinagusa barafu. Barafu ikienea sawa koili nzima, gesi ipo. Kilichokufa ni mfumo wa kuyeyusha barafu. Gesi ikiwa pungufu, barafu hujikusanya kwenye mabomba machache ya mwanzo tu, mengine yanabaki makavu. Ukiona koili kavu yote huku kompresa inafanya kazi, fikiria gesi imevuja yote, njia imeziba, au kompresa haisukumi.

Na ndiyo maana juu kunagandisha chini kunapata joto: katika nofrosti baridi ya chini inatoka kwenye koili hiyohiyo, inasukumwa na feni kupitia njia ya hewa. Barafu ikiziba mapezi ya koili, hewa haipiti. Friza inaendelea kujitafutia baridi kwa kuwa iko jirani na barafu.

Kuyeyusha alitumia maji ya moto aliyomwagia polepole kwa kikombe, beseni chini, mataulo sakafuni. Kisu hakikugusa mle ndani, na msikubali kiguse: mabomba ni alumini laini, ukitoboa umegeuza kazi ndogo kuwa kubwa, tena R600a inawaka moto. Tundu la kutolea maji chini ya koili alilizibua kwa maji ya moto kwa bomba la sindano mpaka yakasikika yakidondoka kwenye trei juu ya kompresa. Likibaki limeziba, maji yanaganda upya au yanatiririka kwenye droo za mboga.

Baada ya hapo vipimo. Hita, ile inayoyeyusha barafu ya koili, imeandikwa volti 220, wati 150, hivyo inatakiwa kusoma omu 320 na kitu (220 mara 220, gawanya kwa 150). Ilisoma 318: nzima. Fyuzi ya joto ya nyuzi 72, inayokata umeme wa hita joto likizidi, haikusoma kitu: imekatika. Fundi mvivu angeishia hapo. Huyu alipima pia thamostati ndogo iliyobanwa kwenye koili, ile inayopitisha umeme wa hita pakiwa na baridi kali na kuukata koili ikishapata joto. Kwa joto la Dar, ikiwa imekaa mezani, inatakiwa iwe imekata. Yetu ilikuwa inapitisha. Imekwama kwenye kupitisha, kwa hiyo hita ilikuwa inawaka hata barafu ikiisha, joto linapanda, na fyuzi ikajitoa mhanga. Ukibadilisha fyuzi peke yake, itaungua tena.

Kinyume chake pia kinawaponza watu: thamostati nzima inapimwa mezani, haipitishi umeme, inatupwa. Itumbukize kwanza, ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye barafu iliyosagwa na kuchanganywa na chumvi, maana barafu peke yake ni nyuzi sifuri na nyingi zinataka chini ya hapo. Subiri, sikiliza mlio mdogo, pima tena. Taima nayo, ile inayopokezana zamu za kompresa na hita, aliizungusha kwa bisibisi, umeme ukiwa umerudishwa, mpaka ikalia: kompresa ikazima, umeme ukaenda upande wa hita. Iko sawa. Friji zenye bodi ya elektroniki hazina taima hii. Hapo unapima sensa (kihisi joto) na kulinganisha na kiwango cha modeli yako.

Spea mbili, fyuzi na thamostati, zilitoka Kariakoo. Aliunganisha waya kwa vibanio, akavalisha mpira wa kusinyaa. Hakulehemu karibu na fyuzi, kwa sababu joto la kulehemu linatosha kuiua kabla haijaanza kazi. Mafundi wanaoruka fyuzi kwa kipande cha waya waogopeni sana. Mle ndani ni plastiki na foma tupu, na gesi yenyewe ni ya kuwaka. Siku thamostati ikikwama kwenye kupitisha, hakuna kingine cha kuizuia hita.

Baada ya saa 24, kipimajoto ndani ya glasi ya maji rafu ya kati kilisoma nyuzi 4, friza -18. Feni kimya, kompresa inapumzika.

Nilipompunguzia alama: kondensa (mabomba yanayotoa joto nje ya friji) hakuisafisha mpaka alipoombwa, na vumbi lilikuwa limeshonana na mafuta ya jikoni. Pia hakugusia nafasi ya ukutani. Kwa joto letu acheni sentimita 10 hivi nyuma. Risiti ya spea aliitoa bila kuombwa, spea mbovu aliziacha mezani, bei ya ufundi aliitaja kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Dhamana ya miezi mitatu aliiandika.

Kwa wanaonunua friji za mtumba: angalia kibandiko cha ndani, herufi za daraja la hali ya hewa. N imeundwa kwa joto la chumba hadi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji ya N jikoni Mbagala mwezi Februari itahangaika hata ikiwa nzima kabisa, na hakuna fundi atakayeitibu.

Na ikithibitika kweli gesi imevuja, kazi kamili ni kupima kwa naitrojeni na povu la sabuni, kuziba, kubadilisha filta, kuvuta hewa yote kwa pampu, kisha kupima gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Gesi aina ya R134a haiingii kwenye friji ya R600a. Kompresa na mafuta yake ni vingine. Fundi asiye na mizani wala pampu, mshukuru na umwache aende.