Raba ya mlango wa Peugeot 504: ya kuagiza au ya mita?

Ya kuagiza Ulaya huja na umbo lake, kona zimeshaungwa. Ubaya ni bei, ushuru na kungoja. Ya mita, ile inayokatwa kwa urefu unaotaka, unaipata leo leo kwenye maduka ya spea hapa Mombasa, ila bonyeza kwanza: ikiwa ngumu utaubamiza mlango kama wa matatu. Kwenye kona ikunjwe taratibu bila kuvutwa, maana ikivutwa hurudi na kuacha mwanya. Kiungo, pale ncha mbili za raba zinapokutana, kiwe chini, si juu mvua inakopiga. Kwa gari la kila siku, mimi ya mita. Yoyote utakayochukua, kwangua gundi kuukuu na kutu. Kwa hewa hii ya chumvi, chuma huliwa chini ya raba, huoni kitu mpaka rangi ivimbe.